Kumbukumbu ya mradi: pastrami, kimchi, na mkate uliokataa kukauka

Leo sandwichi imekaa dakika 20 kwenye karatasi, nimeifungua, na mkate wa chini nikiupitishia kucha bado unakwaruza. Dakika 20! Wiki tatu nimeutafuta ukavu huu, na furaha imenikalisha kuandika kabla sijaosha vyombo.

Wazo la mgahawa halijabadilika: sandwichi za deli (maduka ya nyama za kukatwa na sandwichi) za Marekani, ladha za Korea. Penye sauerkraut ya Kijerumani ndani ya Reuben (sandwichi ya nyama ya ng'ombe na jibini) tunaweka kimchi ya Kikorea. Zinaelewana kuliko watu wanavyodhani, maana zote ni kabichi ya chumvi iliyochachushwa na bakteria wa asidi ya laktiki, bila tone la siki. Kimchi inaongeza pilipili, kitunguu saumu na ule uzito wa ladha ya samaki. Ladha haijawahi kunisumbua hata siku moja.

Kilichonitesa ni mkate. Sandwichi inatoka jikoni safi, ikifika mezani kipande cha chini kimekuwa uji. Nikailaumu kimchi. Nikaikamua kwa mkono, nikaikamua kwa kitambaa, nikailaza usiku kucha kwenye chujio, sufuria ya maji juu yake. Mwishowe nikaikaanga kwa siagi mpaka ikaanza kushika kikaango. Huko kukaanga kunabaki, kwa sababu uchachu unatulia na utamu unajitokeza, lakini mkate ulilowa vilevile. Alhamisi nilitupa sandwichi sita, nikatoka jikoni bila kusema na mtu.

Dada yangu ndiye aliyeuliza, "Umeshajaribu moja isiyo na kimchi?"

Sikuwa nimejaribu. Nikatengeneza: pastrami (nyama ya ng'ombe ya chumvi na viungo, iliyofukizwa moshi), jibini, mkate wa nafaka ya rai, basi. Nikaifunga. Baada ya dakika 10 nikaifungua, na matone yalikuwa yamejipanga kwenye mkate kama umande. Mvuke! Pastrami tunaimalizia kwa mvuke ili ilainike, kisha nilikuwa naikata ikiwa bado inafuka na kuifungia humo humo. Kimchi imesingiziwa wiki tatu nzima.

Sasa nyama ikishakatwa naitandaza juu ya waya kwa dakika 2, mpaka iache kufuka. Mkate naukausha upande wa ndani, kwenye kikaango kisicho na mafuta. Jibini linakaa pande zote mbili, likiyeyuka linakuwa ukuta. Kimchi inaingia katikati ya nyama na haigusi mkate kabisa. Karatasi naikunja, ila ncha naziacha wazi.

Kile kibanio cha umeme cha kuchomea sandwichi nimekirudisha kabatini na sikitoi tena. Kinabana juu na chini kwa pamoja, mvuke hauna pa kutokea, na kimchi inasukumwa nje pembeni. Kikaango kizito cha chuma na sufuria ndogo juu yake vinafanya kazi bora zaidi, unageuza mara moja tu. Na mizani, jamani! Gramu 60 za kimchi, kila mara. Ukipima kwa kijiko, kila mpishi ana kijiko chake.

Jumapili nilipaswa kuanza matango ya ufuta ya kuwekwa pembeni ya sahani. Sijayagusa, kwa sababu ya jagi la maji ya kimchi lililobaki baada ya kukamua kote kule. Nilikuwa naenda kuyamwaga, nikaonja kwa ncha ya kidole. Mekundu, yanawasha, yana chachu inayokaa mdomoni! Nikayachanganya na mayonezi na gochujang (rojo la pilipili la Kikorea lililochachushwa) yakae mahali pa ile sosi ya Kirusi ya Reuben. Mara ya kwanza sosi ilichuruzika. Mara ya pili nikayachemsha kwanza yakapungua nusu. Uzito ukapatikana, chumvi ikazidi.

Kesho naanza na kijiko 1 cha maji hayo, bila kuyachemsha, kwa gramu 100 za mayonezi, na gochujang naiacha kando, maana nayo ina chumvi yake. Jagi liko kwenye friji, na nimelibandika karatasi: lisimwagwe.