Siku Moja Maishani Mwangu: Kupima Mwendo wa Farasi kabla ya Kentucky Derby

Saa 11 na nusu alfajiri nilikuwa nimeshasimama kwenye uzio wa Churchill Downs, uwanja wa mbio za farasi unaoandaa Kentucky Derby, saa ya kupimia mkononi na daftari kwapani. Waswahili wenzangu hapa Louisville wakisikia kwamba ninashughulika na farasi, hudhani mimi ni mcheza kamari. Sibeti. Kazi yangu ni kukokotoa jinsi farasi alivyogawa nguvu zake tangu lango lifunguke hadi mstari wa mwisho, na wiki hizi za kuelekea Derby, mbio za farasi wa miaka 3 pekee, usingizi huwa haba.

Ilipofika saa 1 na nusu nilimpima dume mwekundu mwenye kitambaa cha njano chini ya tandiko. Alimaliza nusu maili kwa sekunde 48, masikio yamesimama, mpandaji ametulia, na alipopita mbele yangu nilisikia pumzi ikimtoka sambamba na kila hatua. Kuanzia saa 4 hadi saa 7 niliingiza takwimu za mbio za maandalizi na kuzilinganisha na mbio nyingine za siku hizohizo, ili nijue kama udongo ulikuwa mwepesi au mzito.

Saa 8 alipiga simu mteja, mmiliki wa farasi, akitaka kujua kwa nini alama niliyompa farasi wake kwa hesabu zangu iko chini ya ile ya farasi mwingine ilhali wote wawili walikimbia falongi 9 (falongi ni sehemu ya nane ya maili) kwa dakika 1 na sekunde 50. Nilimweleza kwamba yule mwingine alibanwa na wapinzani tangu mwanzo, akapita nusu maili kwa sekunde 46 na bado akashikilia, ilhali wa kwake aliongoza peke yake, akapita hapohapo kwa sekunde 49 bila yeyote kumsumbua, kwa hiyo kasi aliyoonyesha mwishoni ilikuwa akiba ambayo hakuna aliyemlazimisha kuitumia. Akanijibu kwamba hata Secretariat, farasi aliyeshinda Derby mwaka 1973, alianza polepole. Ni kweli, na jambo hilo nalipenda kuliko yote katika kazi hii: robo maili zote tano, kila moja ilikuwa ya kasi kuliko iliyotangulia, na jumla yake, dakika 1 na sekunde 59.4, ni rekodi ya Derby ambayo haijavunjwa mpaka leo. Lakini Secretariat alikuwa nyuma, akiwaacha wengine wachoshane. Farasi wa mteja wangu anajua kukimbia mbele tu, na Derby huwa na farasi hadi 20. Nikamkumbusha mwaka 2022, robo maili ya kwanza ilipokimbiwa kwa sekunde 21.78, wa mbele wakaishiwa, na Rich Strike, farasi ambaye wacheza kamari walimpa uwezekano wa 80 kwa 1 tu wa kushinda, akatokea karibu na mkia akashinda.

Hakuridhika. Alipiga tena, kisha tena, kila mara akiomba nimwongezee alama kidogo tu, na kila mara nilirudia hesabu yote kutoka mwanzo kwa sababu ni haki yake kuielewa. Baada ya hapo sikutazama tena ukutani ni saa ngapi. Koo lilinikauka. Chakula cha mchana nilikila baridi, giza likiwa limeingia.

Nilituma ripoti ikiwa na alama ileile, na chini yake nikaandika: bado hajawahi kubanwa katika nusu maili ya kwanza.