Doha na Dubai ni pua na mdomo? Muulizeni anayelipa nauli

Mama mdogo kanitumia sauti ndefu WhatsApp, lawama tupu. Mdogo wako yuko Dubai, wewe uko Doha, wote Uarabuni, Idi zinapita hamjaonana, ndugu gani nyie? Kwake yeye Uarabuni ni kama Kariakoo, ukiingilia mtaa huu unatokea ule.

Haya, kwenye ramani hajakosea. Toka uwanja wa ndege wa Hamad, hapa Doha, Qatar, hadi Dubai ni kilomita kama 380, Dar na Dodoma tu hapo. Tiketi inaandikwa saa moja na dakika kumi hivi, na hewani kwenyewe hata saa haitimii: juisi haijashuka kooni mnaambiwa fungeni mikanda. Saa za Doha ni zilezile za nyumbani, Dubai wako mbele saa moja, kwa hiyo ukirudi unakuta saa ya ukutani karibu haijasogea.

Sasa jana nikatafuta tiketi ya Idi. Riyali 1,100 za Qatar kwenda na kurudi, kwa shilingi zetu ni laki kadhaa! Nyie mnaolalamikia elfu thelathini na moja ya treni ya Dodoma, hebu tulieni. Na hapo visa bado. Mzungu akishuka Dubai anagongewa muhuri anapita zake. Sisi na pasi zetu tunaomba mtandaoni kwanza, tunalipa, tunasubiri, ujirani hausaidii kitu.

Kuna mjuaji akaniambia panda basi. Lipite wapi? Qatar ina mpaka mmoja tu wa nchi kavu, Abu Samra, na ukivuka uko Saudia. Hiyo ni karibu kilomita 700, na Saudia nao wanataka visa yao ya kupita.

Waliotutangulia walikiona zaidi. Juni 2017 Saudia, Imarati (ndiyo nchi yenye Dubai), Bahrain na Misri waliisusa Qatar, wakafunga anga na mipaka mpaka Januari 2021. Ndege ya moja kwa moja ikafutika. Mtu wa Doha akitaka Dubai alizunguka Muscat au Kuwait, akashinda uwanjani na begi lake akisubiri ndege ya pili.

Qatar nayo nisiidhulumu. Zamani hata kutoka nchini uliomba kibali cha mwajiri. Mwaka 2018 kikaondolewa kwa wafanyakazi wengi, na Januari 2020 wa majumbani nao wakafikiwa. Siku hizi ruhusa ninayo, nauli ndiyo sina.

Mnaojiandaa kuja, wakala akiwaambia "mtakuwa wote Ghuba", mwulizeni mji gani. Kama mko ndugu wawili, kazaneni mikataba iwe ya mji mmoja. Na tiketi ya likizo isomeni vizuri: kwa kawaida ni ya kwenda kwenu, si ya kutembeleana.

Mimi na mdogo wangu tumeshapanga likizo zetu ziangukie Agosti. Tutaonana Dar, saa sita za ndege, karibu kilomita 3,800 toka hapa, maana tiketi hizo wanalipa waajiri.