Wikendi niliyoiacha IST nikapanda basi la usiku kwenda Mbeya

Waliowahi kuwa na mchumba mkoani watanielewa nikisema kabla ya Oktoba 2023 Mbeya ilikuwa mbali kweli kweli. Kutoka Dar ni kama kilomita 830 hivi, na mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku kucha tangu miaka ya tisini huko, kwa hiyo unaondoka alfajiri unafika usiku. Sasa kama una wikendi tu maana yake Jumamosi yote inaishia kwenye siti na Jumapili yote inaishia kwenye siti, mtu wako mnaonana usiku mmoja tena wote mmechoka. Mimi nilikuwa duka la dawa Kimara, Dar, mchumba wangu yuko Uyole, Mbeya, kwenye mambo ya kilimo, basi tukawa watu wa kuonana Pasaka, Idi na Krismasi. Simu ya video tulikuwa tunapigiana kila siku lakini jamani kuna mazungumzo hayaongeleki kwenye simu, mtandao unakata pale pale unapotaka kusema neno lenyewe.

Na Novemba ile tulikuwa na neno la kusema. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba, wakamwambia wanamuongezea miaka miwili kama anataka, akaniambia hawezi kusaini bila mimi kusema kama nitahamia Mbeya au yeye arudi Dar atafute kazi upya. Nilimwambia hili nakuja tuongee uso kwa uso, nimeomba Jumamosi, bosi amekubali.

Hapo ndio habari ya gari ikaingia. Kaka yangu mkubwa ana Toyota IST, kale kagari kadogo, akasema dada chukua, mimi wikendi hii sitoki. Mchumba wangu aliposikia akafurahi kweli, akasema njoo nayo, tukiwa na gari tutazunguka, tutaenda Tukuyu, tutaenda kokote bila kusubiri Coaster ijae. Na mimi sikatai, gari lina raha yake, unasimama unapotaka, unabeba mzigo wako bila kubishana na konda, ukisikia njaa unaegesha unakula unavyotaka. Nikaanza kupiga hesabu. Petroli Dar lita moja ilikuwa imeshavuka 3,200, IST barabara kuu tuseme inakupa kilomita 15 kwa lita, kwa hiyo kwenda tu ni lita 55 na zaidi kidogo, hata ukijaza tenki Mbezi lazima usimame sheli njiani uongeze. Laki na sabini na ushee kwenda, laki na sabini na ushee kurudi. Nauli ya basi kwenda na kurudi ukiichanganya haikufika hata bei ya lita arobaini.

Lakini nisiseme ni hela ndio iliniamulia, hela ningeitafuta. Nilichokuwa nataka ni muda.

Nikampigia baba. Baba yangu aliendesha malori njia hiyo miaka mingi, Dar Tunduma, mara nyingine anavuka hadi Zambia, ile barabara anaijua kona kwa kona. Shikamoo baba, marahaba mama, nikamueleza. Akaniuliza unaondoka saa ngapi, nikamwambia nikitoka kazini Ijumaa, saa kumi na moja jioni hivi. Akauliza tena, nani atakupokea usukani? Nikamwambia niko mwenyewe baba.

"Basi hilo gari mrudishie mwenyewe mama."

Halafu akaanza kunielezea, na baba akielezea barabara huwezi kumkatisha. Akasema hiyo njia nane ya Kimara hadi Kibaha isikudanganye, ukishaimaliza unaingia kwenye msululu wa malori mpaka Chalinze, na usiku hujui lipi linatembea na lipi limekufa, mengine yameharibika yamewekewa matawi ya miti tu nyuma kama alama, unayaona umeshayafikia. Ukifika Mikumi unakata katikati ya hifadhi kilomita hamsini, usiku wanyama wanavuka, nyati akisimama barabarani taa zako zinamuona mwisho, na ukigonga mnyama kuna faini kwa dola kila mnyama na bei yake, twiga tu ni maelfu ya dola, hapo kama wewe mwenyewe umepona. Halafu mlima Kitonga. Kwenda unapanda, umebanwa nyuma ya semi inayotembea kwa mguu, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo, na watu wanaovateki kwenye kona. Kurudi unashuka, na akasema kile wanachosema madereva wote, kilima unakishuka kwa gia uliyokipandia, ukikanyaga breki njia nzima zinachemka ukifika chini huna breki. Akamalizia kwamba yote hayo angeniruhusu kama ningekuwa nimelala, ila mtu aliyesimama kaunta tangu asubuhi akiingia Mafinga saa tisa usiku na ule ubaridi, usingizi hauombi ruhusa.

Nikamuuliza kwa hiyo basi la usiku ndio salama? Akasema hakuna barabara ya salama mama, lakini basi la safari ndefu sheria inataka madereva wawili, lina kifaa kinachorekodi mwendo, akipita 80 wanamuona, wewe kazi yako ni kulala tu. Na ni kweli, LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa barabarani, walipoanza kutoa vibali vya usiku mwezi wa kumi mwaka ule ndio hoja yenyewe ilikuwa hiyo, kwamba sasa mabasi yanaonekana yalipo na spidi yake.

Kumwambia mchumba wangu ndio ilikuwa ngumu. Alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani imekata. Akasema yeye alifikiria nikija na gari nitajiona niko huru, siku nikitaka kuondoka naondoka, asingependa nijisikie nimefungiwa kwake. Nilimwambia sikiliza, mimi nataka nikifika niwe na akili ya kuongea na wewe, sio nifike nilale mpaka saa kumi halafu Jumapili nianze kuwaza Kitonga. Akaelewa, ila niliona ameumia kidogo na nilimpenda zaidi kwa ile sababu yake.

Tiketi nilikata kwa simu, siti ya dirishani upande wa kushoto. Ijumaa bosi akaniachia saa tisa, nikaenda Mbezi stendi ya Magufuli na begi moja na sweta, maana Mbeya bila sweta unajitafutia. Saa kumi na moja na nusu basi limetoka. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mtu mzima anakwenda Chimala kumuona mjukuu aliyezaliwa wiki ile, ana khanga mpya mbili kwenye rambo na hakuziweka chini njia nzima. Akaniuliza unakwenda kwa nani, nikamwambia kwa mchumba, akasema Mungu awatangulie, hakuuliza tena. Morogoro tukachimba dawa, nikala chipsi nusu nikamgawia nyingine, Mikumi nilipita macho yamefumba, nilishtuka Ruaha Mbuyuni harufu ya vitunguu imeingia mpaka ndani ya basi. Kitonga nilikuwa macho. Tulipanda taratibu nyuma ya malori mengi, taa nyekundu zimepanga mstari mpaka juu, kuna moja limeharibika kweli na matawi yako barabarani kama baba alivyosema, dereva wetu akasubiri, akasubiri tena, akapita. Nilifikiria mimi pale na IST ya watu, peke yangu, saa ile ya usiku, nikajifunika khanga nikalala.

Uyole nilishuka kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu, baridi ile ya kukata masikio, na yeye kasimama na koti lingine mkononi la kwangu. Nilikuwa nimelala masaa kama sita. Nikaoga, nikanywa chai na maparachichi ya Rungwe, saa nne nikamwambia twende, unasubiri nini?

Tulienda Ngosi, ziwa lile la kreta. Unapanda Coaster ya Tukuyu unashuka Isongole, halafu bodaboda mpaka msitu unapoanzia, kutoka hapo ni miguu tu, njia ya utelezi, mianzi na migomba pori, kwenye mizizi unajishika kama ngazi. Na nataka niseme hapa wazi, gari lisingetusaidia kitu mlimani kule, na dereva aliyekesha asingeupanda. Juu ukingoni ukungu ulikuwa umefunga, ziwa halionekani, tukakaa kwenye mzizi tukisubiri ufunguke na hapo hapo ndio tukaongea. Hatukuongea vizuri mwanzoni. Nilimuuliza mbona hujaniuliza kama naupenda Mbeya, unaniuliza tu kama nitahamia, akasema naogopa jibu. Nikamwambia Mbeya sina shida nayo, shida yangu ni kuhama bila ndoa, nikae kwako baba yangu aulizwe mtaani binti yako yuko wapi aseme nini. Akasema kumbe ni hilo tu? Nikamwambia hilo sio tu. Akatulia, akasema atasaini ule mkataba Jumatatu na wazee wake watakuja Dar kabla ya Februari haijaisha, na mimi nisiache kazi mpaka waje. Nilimwambia hiyo naikubali. Ziwa lilionekana baadaye, dakika chache, kijani, likafungwa tena, lakini sisi tulikuwa tumeshamaliza tulichokifuata.

Jumapili tulienda kanisani, tukala wali wa mchele wa Kyela, hakuna aliyekuwa anaangalia saa mpaka saa tisa. Basi la kurudi saa kumi jioni, kanisindikiza na nusu gunia la viazi, konda akataka hela ya mzigo, yeye akalipa bila kubishana. Kitonga ya kushuka sikuiona kabisa, nilikuja kuamka Chalinze kumeanza kupambazuka, na saa tatu Jumatatu niko kaunta Kimara natoa dawa, nimechoka ndio, lakini uchovu wa kawaida wa mtu aliyesafiri.

Baba alipiga mchana. Umefika? Nimefika baba. Mmeongea? Tumeongea, wazee wao watakuja kabla ya Februari kuisha. Akanyamaza kidogo, nikasikia anamwita mama aje asikie. Halafu akarudi kwenye simu.

"Waambie waje na basi la mchana. Wazee hawalali kwenye basi."