Chihuahua na baridi ya Julai

Julai imefika, na Nairobi hii Chihuahua wameshaanza kutetemeka. Mbwa huyu wa asili ya Meksiko, ambaye kwa kawaida hafiki hata kilo 3, hupoteza joto upesi kwa kuwa mwili wake ni mdogo. Sweta inamfaa, ila ivue kila jioni umkague kupe kwapani na nyuma ya masikio. Kitanda chake nacho kisigusane na vigae.

Ninachokihofia zaidi ni ule mtetemeko usiotokana na baridi. Mtoto wa Chihuahua wa chini ya miezi 4 ana akiba ndogo mno ya sukari kwenye ini. Akikosa mlo mmoja tu anaweza kulegea, kuyumba, ufizi ukapauka, hata akapatwa na degedege. Hapo chovya kidole kwenye asali umpake ufizini. Usimmiminie: asiyejitambua hamezi, na asali itaishia mapafuni. Mfunike, umwahishe kwa daktari wa mifugo hata kama amezinduka. Kinga ni milo 4 midogo kwa siku, wa mwisho kabla tu ya kulala. Ugali na maziwa hujaza tumbo, lakini protini haitoshi.

Ndiyo maana matangazo ya vijibwa vya "kikombe cha chai", yaani vilivyozalishwa viwe vidogo kupita kawaida, hunikera. Mnunuzi anaongezwa bei kwa udhaifu uleule.

Kinywani Chihuahua aliyekomaa ana meno 42, sawasawa na mbwa wa ulinzi, yamebanana kwenye taya jembamba. Akifika miezi 7 na chonge za utotoni bado zimesimama kando ya mpya, zing'olewe. Chakula hunasa katikati na ufizi huanza kuoza. Dawa ya meno ya binadamu usimtumilie, maana ataimeza.

Akikunja mguu wa nyuma, akarukaruka hatua mbili tatu kisha akaendelea na safari, usicheke. Pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti, imeteguka na kurudi. Mpunguze uzito, umwekee kigoda cha kupandia kochi. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni: bomba lake la hewa ni laini, na likianza kubonyea utasikia kikohozi kama mlio wa bata bukini.

Wengi hubaki na utosi wazi hata ukubwani, kwa hiyo watoto wampakate wakiwa wameketi chini. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, hata kwa anayeishi ghorofa ya saba Kileleshwa.