Siku moja karakana ya Changamwe: katani hadi ubao

Saa 12 asubuhi. Ubao wetu ni katani iliyoshikanishwa kwa plastiki. Katani inaingia ovenini, digrii 105. Imekatwa vipande vya sentimita 4, na jana ililowekwa kwenye maji ya kostiki (soda kali), gramu 50 kwa lita, kisha ikasuuzwa mpaka utelezi ukaisha. Kostiki huondoa nta iliyoganda juu ya nyuzinyuzi, plastiki ikapata pa kushika. Tunapima sampuli kila nusu saa; uzito ukiacha kushuka, imekauka.

Shiti za PLA, plastiki itokanayo na sukari ya mahindi au miwa, zimelala oveni nyingine kwa digrii 50 tangu jana. Zikipita 60 zinalegea na kugandana.

Saa 3. Hapa ndipo mbao nyingi huharibika. Hewa ya Mombasa imejaa maji, na katani kavu huyanywa upesi. Hutoka ovenini moja kwa moja hadi kwenye debe lenye kifuniko. Maji yakibaki, joto la presi, mashine ya kukandamiza, huyafanya mvuke, ubao ukajaa malengelenge. Na PLA yenyewe hukatikakatika ndani kwa ndani, ubao ukavunjika kama biskuti.

Saa 4. Kwa ubao wa sentimita 30 kwa 30, unene milimita 4: shiti 6 za gramu 45, katikati yake tabaka 5 za katani, gramu 36 kila moja. Jumla gramu 450, katani asilimia 40. Juu na chini teflon, isigande kwenye chuma.

Presi iko digrii 180. Dakika 5 za kugusa tu, plastiki iyeyuke. Tunafungua kidogo mara mbili mvuke utoke, kisha tani 27 kwa dakika 4. Ukikandamiza mapema, plastiki inakimbilia pembeni na katani inabaki kavu katikati. Ukipita digrii 200, katani inabadilika rangi, na harufu ya kuungua unaisikia kabla hujafungua.

Saa 5. Kupoza, bado umekandamizwa, mpaka chini ya digrii 50. Ukitolewa moto unapinda.

Saa 9 alasiri. Msumeno. Mkato mzuri ni wa rangi moja. Mistari myeupe ni katani isiyolowa plastiki. Wateja huuliza kama utaoza ukitupwa ufuoni. Hapana: PLA huhitaji mboji yenye joto la karibu digrii 60, kwa hiyo mabaki yote tunayakusanya.

Saa 11 jioni. Vipande vitatu vinapimwa uzito na kutiwa majini, vipimwe tena kesho saa hii hii, tujue vimekunywa maji kiasi gani.