Sifuri Iliyonyooka

Watu wa nyumbani wakiniuliza nafanya kazi gani Marekani, huwa najibu kwa mkato: nahesabu majeraha. Nipo Iowa, kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe, mwaka wa tano huu. Aliyekatwa na kisu, kelele zilizovuka desibeli 85, mafuta yaliyomo kwenye maji machafu, amonia inayozunguka kwenye mabomba ya mitambo ya baridi: yote yanaishia kwenye kompyuta yangu, na mimi ndiye wa kusema mambo yanaelekea wapi.

Sikuokota kazi hii njiani. Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, kwenye shamba moja huko Korogwe. Ilimla vidole viwili vya mkono wa kulia. Akafungwa kitambaa, akapewa siku chache za kukaa nyumbani, nyapara akaweka mtu mwingine mahali pake. Majirani walikuja kumpa pole wakasema ajali haina kinga. Nilikuwa na miaka tisa. Msemo ule siupendi hadi leo, maana mwaka uliofuata korona ileile ilimkata kijana mwingine kwa namna ileile, na hapakuwa na daftari lililoonyesha kwamba ya kwanza iliwahi kutokea.

Huku kuandika ni lazima. Sheria ya mwaka 1970 ndiyo iliyounda OSHA ya Marekani, wakala wa usalama na afya kazini (sisi Tanzania tunayo OSHA yetu, kifupisho kimoja, wakala mwingine kabisa), na kiwanda kama chetu kinatakiwa kutunza Fomu 300, orodha ya kila jeraha lililohitaji zaidi ya huduma ya kwanza. Kutokana na orodha hiyo napiga hesabu: idadi ya majeraha mara 200,000, gawanya kwa jumla ya saa ambazo wafanyakazi wote wamefanya kazi. Hiyo 200,000 ni saa za watu 100, kila mmoja saa 40 kwa wiki, kwa wiki 50. Kiwanda chenye saa 2,000,000 na majeraha 40 kinapata 4, yaani majeraha manne kwa kila watu 100 kwa mwaka. Mabosi wanaisubiri namba hiyo kama mkulima anavyosubiri mvua.

Aliyenifundisha kuiogopa sifuri ni amonia. Tuna vihisi vinavyopima hewa kwenye vyumba vya mitambo, kwa sababu gesi ile ikivuja inachoma macho na mapafu. Kihisi kizima hakitulii. Kinasoma 0, kinapanda hadi 1, kinashuka, kinatikisika kila mlango unapofunguliwa. Siku moja niliona mchoro wa kihisi kimoja umenyooka kwenye sifuri wiki tatu mfululizo, kama umepigwa rula. Fundi alipokifungua, kilikuwa kimekufa. Wiki tatu zote tulikuwa tukisoma usalama kutoka kwenye kitu kilichokufa.

Basi mwaka juzi, nikiwa napitia majeraha ya kila laini ya uzalishaji, nikakutana na mstari wa namna hiyohiyo. Laini ya kukata mabega, zamu ya usiku: sifuri, sifuri, sifuri, miezi minane. Laini ya jirani, kazi ileile, visu vilevile, ilikuwa na majeraha kila mwezi. Msimamizi wa ile ya sifuri alikuwa amepewa cheti.

Nikaomba daftari la chumba cha huduma ya kwanza, ambalo haliingii kwenye Fomu 300. Humo ndimo walimokuwa walioumia. Barafu. Barafu. Kuchuliwa mkono. Bandeji ya kunyumbuka. Barafu. Kwa kanuni za OSHA, vyote hivyo ni huduma ya kwanza, kwa hiyo havihesabiki. Kiungo kikifungwa kibao kigumu ili kisisogee, au daktari akiandika dawa, ndipo inakuwa jeraha la kuandikwa. Majina yaliyorudi mara nne, mara tano, mengi yalikuwa ya watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo.

Nikashuka usiku, saa nane, wakati wa mapumziko. Kulikuwa na mama mmoja amekaa karibu na mashine ya kahawa, ameshika kikombe kwa viganja viwili, vidole vimenyooka havikunji. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akainua uso haraka. "Marahaba! Weye ni wa Tanzania?" Alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Tukaongea habari za Kigoma kwanza, dagaa na mawese, kabla sijauliza habari za mkono.

"Unaniuma, lakini ni kidogo tu, mwanangu."

Kidogo kile kilikuwa ganzi inayomwamsha kila usiku anapolala. Asubuhi binti yake ndiye anayemfunga vifungo vya koti. Nikamuuliza kwa nini hajasema. Akatazama mlangoni, akashusha sauti: "Nikisema, batanifukuza." Sheria inamkataza mwajiri kumwadhibu mtu kwa kuripoti jeraha, na tangazo lake lilikuwa ukutani, nyuma ya kichwa chake, kwa Kiingereza na Kihispania.

Sitaki kurefusha habari za vikao. Tangazo likatafsiriwa, nikalisoma kwanza na watu wa Bukavu na Uvira ili lisiwe Kiswahili cha Dodoma kitupu. Mkalimani akawekwa kwenye simu ya muuguzi. Ikagundulika pia kwamba zamu ile ilipewa visu butu vilivyobaki, na kisu butu kinataka nguvu zaidi ya mkono kwenye nyama ya baridi. Majeraha ya laini yakapanda. Meneja akaniita, akaniuliza kwa nini usalama umeharibika. Nikamwekea mezani mchoro wa amonia na mchoro wa laini, mmoja juu ya mwingine, nikanyamaza. Aliiangalia muda mrefu.

Mama alipimwa, mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Akahamishiwa kazi ya kukagua lebo.

Tarehe 1 Februari tunabandika Fomu 300A, jumla ya mwaka mzima, nayo hukaa ukutani hadi 30 Aprili. Haina majina, ni namba tu. Nilimkuta mama amesimama mbele ya fomu hiyo na koti lake, vifungo vyote vimefungwa.

"Miye niko wapi hapa?"

Nikamwonyesha safu ya waliobadilishiwa kazi. Akaweka kidole juu ya namba ile, akakiacha pale.