Karatasi Chini ya Kibodi

Nimefanya kazi ya kuwahudumia watumishi wa ofisi katika masuala ya kompyuta kwa miaka kadhaa, na somo kubwa kuliko yote nililipata kwa mama mmoja mhasibu, aliyeniita baada ya kompyuta yake kukataa kumfungulia. Nilipoinua kibodi ili nisome namba iliyobandikwa upande wa chini, nilikuta kipande cha karatasi chenye nywila saba, sita zikiwa zimekatwa kwa mstari. Zote zilikuwa neno lilelile, ila tarakimu ya mwisho ilipanda kutoka 1 hadi 7. Aliona haya na kuanza kuniomba radhi, ilhali sisi wa kitengo cha TEHAMA ndio tuliokuwa na deni la radhi kwake, kwa kuwa tulimlazimisha kubadilisha nywila kila baada ya siku 90 bila kumpa njia yoyote ya kuzikumbuka.

Kanuni hiyo ilienezwa kwa kiasi kikubwa na mwongozo ulioandikwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Bill Burr, aliyekuwa mtumishi wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Mwaka 2017 Burr mwenyewe alikiri hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri ule, na mwaka huohuo taasisi hiyo ilitoa mwongozo mpya unaoelekeza kwamba mtumiaji asilazimishwe kubadilisha nywila kwa kufuata kalenda, bali pale tu panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Sababu yake ilikuwa imelala chini ya kibodi ile: mtu anayesumbuliwa mara kwa mara hutafuta mpangilio rahisi wa kukumbuka, na mwizi anaufahamu mpangilio huo vizuri kuliko tunavyodhani.

Ofisini kwetu tulifuta ukomo wa siku 90, tukaruhusu nywila ndefu zinazoundwa kwa maneno kadhaa yasiyohusiana, kisha tukamwekea kila mtumishi programu ya kuhifadhi nywila, pamoja na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya kuandika nywila mtu huthibitisha kwenye simu yake kwamba ni yeye anayeingia. Hatua hiyo ya pili ilihitaji maelezo ya ziada, kwa sababu wapo waliozoea kubonyeza "kubali" kila simu inapolia, hata pale ambapo wao wenyewe hawakuwa wakiingia popote.

Mafunzo ya ukumbini niliyaacha kabisa. Badala yake nilivuta kiti na kuketi kando ya kila mtu mezani pake, akifanya kazi yake ya siku hiyo kwa mafaili yake mwenyewe, nami nikijizuia kushika kipanya chake hata pale aliposita kwa muda mrefu. Naamini kwa dhati kwamba mkono wa fundi unaotangulia kubonyeza humnyima mtu nafasi ya kujifunza, na tena humfundisha kuogopa kuuliza. Hofu hiyo ni hatari, maana aliyefungua kiungo kibaya akihofia kukaripiwa atanyamaza, na dakika ambazo tungezitumia kufunga akaunti yake zitapotea.

Miezi michache baadaye mama yule alinipigia simu asubuhi. "Mwanangu, ile programu yako leo imekataa kunijazia nywila ya benki, na kila siku hunijazia. Sijaandika kitu, nakusubiri wewe." Nilipofika nilikuta ukurasa unaofanana na ule wa benki kwa rangi na nembo, alioufikia kupitia barua pepe iliyomtaka ahakiki malipo, lakini katika anwani yake herufi mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Jicho langu lisingeliona hilo kwa haraka, ila programu hulinganisha anwani herufi kwa herufi na haidanganywi na nembo. Kabla ya saa nne tulikuwa tumeizuia anwani ile kwenye kompyuta zote, na wenzake wawili waliopokea barua hiyohiyo walikuwa bado hawajaifungua.